Kumtafuta babu wa Kengeleni

Miaka miwili nilimfuata babu wa watu. Jina la ubatizo lilikuwa lile lile la babu wa babu yangu, kanisa lile lile, na miaka ni ile ile ya 1880. Nikampigia simu shangazi kumpa habari njema kwamba mzee wetu alikuwa seremala. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na mkewe ni nani?" Nikamtajia. "Huyo si wetu, mwanangu." Nikaanza upya.

Kwa hiyo kama asili yenu ni Freretown (ndiko Kengeleni) au Rabai, vituo vya misheni karibu na Mombasa, mtafute bibi kwanza. Wamishenari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walipofungua Freretown mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea mateka wa utumwa waliookolewa majahazini, majina ya ubatizo yalikuwa yale yale ya Biblia na ya Kizungu, yakirudiwa rudiwa. Akina John na James utawapata tele. Lakini mume huyu na mke huyu, pamoja na mashahidi wao wawili, hao huwapati mara mbili.

Kabla ya makaratasi, keti na wazee. Usiulize mtu alizaliwa mwaka gani. Uliza kama alikuwa ameshaoa wakati wa njaa ya Mwakisenge (1884), kama ujenzi wa reli (1896) ulimkuta hai, kama watoto walizaliwa kabla ya Magunia, ile njaa ya 1898 na 1899. Shangazi hana mwaka hata mmoja kichwani, ila anajua bibi yake "alikuwa bado wa mgongoni" wakati wa Magunia. Hapo nikajua nifungue daftari la ubatizo la miaka gani. Rekodi kwa simu, na ukiambiwa "alikuwa Mnyasa" andika hivyo hivyo, ila usikimbilie kusema ni kabila. Wengi waliitwa Wanyasa kwa kuwa tu walitoka pande za Ziwa Nyasa.

Kanisani nenda siku ya kazi. Jumapili karani hana nafasi nawe. Beba penseli, kalamu ya wino iache nyumbani. Soma ukurasa mzima, si mstari wenu tu, na majina yasome kwa sauti, maana Mzungu aliandika alichosikia: Mabruki mmoja anaweza kuwa Mabrook huku na Mabruk kule. Umri nao ni wa kukisia. Kijana aliyeandikwa 12 mwaka huu utamkuta ana 17 miaka mitatu baadaye, na ni yule yule.

Kama nyumbani husemwa mzee alikuwa mtoro, yaani mtumwa aliyemkimbia bwana wake, tazama Rabai. Watoro walikimbilia misheni kwa mamia, na mabwana zao wakawadai. Tarehe 1 Januari 1889, Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aligawa vyeti vya uhuru hapo Rabai baada ya mabwana kuahidiwa fidia. Waliohusika walikuwa takriban 1,400. Uliza kama kuna sanduku la bati lenye cheti kama hicho chini ya kitanda cha mtu. Sitanii.

Barua na taarifa za wamishenari zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Waandikie barua pepe ukitaja kituo na miaka. Ukiwatumia jina la babu peke yake umejisumbua. Nyaraka za serikali ziko Nairobi, na za upande wa Unguja ziko huko huko Unguja, mtaa wa Kilimani. Familia za Kiislamu zitazame hati za kadhi na za wakfu, na zikumbuke kugeuza tarehe: mwaka 1315 wa Hijria ulianza Juni 1897.

Bibi yetu nilimpata kwenye daftari la ndoa, wino umegeuka kahawia. Safu ya kazi ya bwana harusi: mkulima. Mahali pa sahihi babu ameweka alama ya msalaba, mkono umetetemeka. Chini yake, shahidi wa kwanza ana jina lile lile la babu, kwa mwandiko uliolala kulia na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Mwandiko huo nilikuwa nimeukodolea macho miaka miwili. Ni seremala.

Wajukuu zake wako Kisauni. Nimewapigia, tunaonana Jumamosi.