Gari inachemsha: cha kufanya barabarani na namna ya kutafuta chanzo mwenyewe

Wakuu, injini nyingi zinauliwa na dakika chache za dereva kusema "ngoja nifike pale mbele kwenye sheli". Gari ikishachemsha, hapo hapo ulipo ndio mwisho wa safari kwa muda huo. Hedi (sehemu ya juu ya injini) za injini hizi za kisasa ni aluminiamu, joto likizidi inapinda, ikipinda gasketi (kizibo bapa kati ya hedi na injini) inaachia, na tatizo ambalo lingeisha kwa kubadili mfuniko wa rejeta (kile kipoza maji cha mbele ya injini) linageuka kuwa la kufungua injini. Nitaongelea zaidi Toyota ndogo ndogo ambazo wengi ndio tunazo, Vitz, Passo na wenzao, ila kanuni ni zile zile kwa gari karibu zote.

Kwanza ujue gari yako inakuambiaje. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu. Ukiwasha asubuhi inakuja ya bluu, maana yake injini bado ya baridi, ikipata moto inazima. Ikija nyekundu, ni joto limezidi. Sasa kuna kitu watu wengi hawakijui: ile sensa inapima joto la maji, kwa hiyo mpira wa maji ukipasuka maji yakaisha yote sensa inabaki hewani na inaweza isikuonyeshe kitu wakati injini inaungua. Kwa hiyo ukiona mvuke, ukasikia harufu tamu tamu ya kulanti (kimiminika cha kupozea injini), au gari imekosa nguvu ghafla na injini inagonga, usisubiri taa, simama.

Tuseme unapanda mlima Kitonga na taa nyekundu imekuja. Zima AC, washa hita mpaka mwisho wa joto na feni ya ndani iwe juu kabisa, fungua vioo. Najua ni mateso lakini ile hita ni karejeta kadogo, inanyonya joto la injini na inaweza kukusaidia kufika sehemu salama ya kuegesha, sehemu salama nasema, sio kumaliza mlima. Ukiona mvuke au maji yanamwagika, zima injini mara moja. Weka pembetatu, wekeni jiwe nyuma ya tairi, watu washuke wakae mbali na barabara.

Halafu usifungue mfuniko wa rejeta. Narudia, usifungue. Mle ndani kuna presha, mifuniko mingi imeandikwa 0.9 au 1.1 (ni kipimo cha presha), na kwa presha hiyo maji yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza tu presha inashuka na maji yote yanachemka kwa mpigo, yanaruka usoni na kifuani. Watu wameungua vibaya sana kwa hili. Subiri nusu saa au zaidi, bonyeza mpira mkubwa wa juu wa rejeta ukiwa na kitambaa mkononi, ukiwa bado mgumu ujue presha ipo, endelea kusubiri. Ukilainika, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, uso pembeni, legeza kidogo mpaka kituo cha kwanza, ikimaliza kupumua ndio utoe. Na usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, wala nje kwa juu kama tunavyoona watu wanafanya, chuma cha moto kikipata baridi ghafla kinaweza kupasuka. Maji kidogo kidogo.

Sasa chanzo. Hapa ndio kuna kazi, na kabla hujaenda kwa fundi jiulize gari inachemsha wakati gani, maana jibu hilo linapunguza nusu ya utafutaji.

Ikichemsha kwenye foleni halafu ukipata spidi inatulia, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Ukitembea upepo unapoza rejeta wenyewe, ukisimama feni ndio inafanya kazi. Washa injini, washa AC, angalia mbele, kwa gari nyingi hizi feni inatakiwa izunguke hapo hapo au baada ya muda mfupi. Isipozunguka angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme) kwenye boksi lililo chini ya boneti (mchoro upo kwenye mfuniko wa boksi), rilei mara nyingi unaweza kubadilishana na nyingine ya namba ile ile kwa majaribio. Kama vyote viko sawa basi mota ya feni imekufa au waya. Mikono iwe mbali, feni zingine zinawaka zenyewe hata gari ikiwa imezimwa.

Ikichemsha kwenye mlima au ukikimbia mwendo mrefu, lakini mjini iko sawa, fikiria rejeta iliyoziba, wota pampu (inayozungusha maji) iliyochoka au thamostati (mlango mdogo unaofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta) isiyofunguka vizuri. Rejeta inaziba kwa ndani kwa chumvi na kutu, na inaziba kwa nje kwa wadudu, vumbi na matope. Ya nje unasafisha mwenyewe kwa mpira wa maji wa kawaida, ukipuliza kutoka upande wa injini kwenda nje, ile mashine ya presha ya kwenye kuosha magari usiisogeze karibu, inalaza zile pezi nyembamba za rejeta zote na upepo haupiti tena.

Taa ya betri ikiwaka pamoja na gari kupata joto, angalia mkanda. Kwenye injini nyingi hizi mkanda mmoja unazungusha alteneta (inayochaji betri) na wota pampu, ukikatika vyote vinalala.

Na kama maji yanapungua tu, fuatilia yanaenda wapi. Laza kadibodi chini usiku. Maji meupe yasiyo na harufu chini upande wa abiria baada ya kutumia AC ni kawaida, hayo achana nayo. Yenye rangi au utelezi ni kulanti. Pitisha macho kwenye klipu za mipira, kwenye kona za rejeta pale plastiki inapokutana na aluminiamu, na chini ya wota pampu, ukiona alama nyeupe au ya pinki iliyokauka kama chumvi, hapo ndio panapovujia. Kingine, usiridhike kuona chupa ya akiba iko FULL. Mfuniko ukichoka mpira wake, injini ikipoa hainyonyi maji kutoka kwenye chupa, kwa hiyo chupa inabaki imejaa na rejeta iko nusu. Asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa fungua rejeta yenyewe uone, maji yawe mpaka mdomoni.

Thamostati sasa. Kuna mafundi gari ikichemsha tu wanaitoa na kuitupa, wanakuambia huku kwetu kuna joto, haihitajiki. Tafadhali kataa. Kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake, nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kontroboksi (kompyuta ya injini) inadhani bado baridi inamwaga mafuta zaidi, ulaji unapanda na oili inachafuka haraka. Na kwenye injini zingine thamostati ikifunguka inafunga pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji ya moto yanazunguka humo humo bila kupita rejeta, yaani umetoa kitu ili gari isichemshe na ndio umeiongezea. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha, uangalie kama inafunguka kabla maji hayajatokota na kufunga yakipoa. Haifunguki, nunua mpya.

Kuhusu maji: ya kisima yana chumvi, Dar mnajua wenyewe, hayo ndio yanajenga ukoko kwenye rejeta. Maji matupu ni ya dharura tu, ukifika nyumbani mwaga weka kulanti. Kama ni ile nzito isiyochanganywa na maji, changanya nusu kwa nusu na maji ya betri yale yasiyo na asidi, kama imeandikwa tayari kutumika usiongeze kitu. Rangi isikudanganye, soma chupa, rangi moja inaweza kuwa aina tofauti.

Kubadili, injini ikiwa baridi, legeza kizibo cha chini ya rejeta polepole (ni plastiki, kinavunjika), kinga kwenye beseni, usiache wazi maana ni sumu na ina utamu, watoto na mbwa wanavutiwa. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe, funga, jaza taratibu. Pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, mfuniko wazi, hita kwenye moto, washa injini, minya minya mpira wa juu mapovu yatoke, ongeza yakishuka, subiri mpaka feni iwake na kuzima, funga. Hatua ya kutoa hewa usiiruke, gari nyingi zinachemsha siku ya pili kwa sababu hiyo tu.

Ukiona mapovu hayaishi hata kidogo, au mipira inakuwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, au moshi mweupe mzito ekzosi hata jua likiwa kali, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, hiyo mara nyingi ni gasketi ya hedi, usiendeshe tena, ivute. Na hedi ikitolewa simamia ipelekwe kwa watu wa mashine ikapimwe unyoofu kabla ya kurudishwa, fundi akisema ameiangalia kwa macho iko poa usikubali.