Kuripoti upasuaji wa mawe ya figo kwa watoto: anza na maana ya "mawe yameisha"

Nilipoanza kukusanya mafaili ya watoto waliotolewa mawe ya figo, nilikuta la binti wa miaka 4. Daktari ameandika "mawe yameisha". Karatasi ya ultrasaundi iliyobanwa nyuma yake inasema kimebaki kipande cha milimita 3. Nimhesabu amepona au hajapona? Utaratibu ninaoufuata leo ulianzia pale.

Hatua ya 1. Kabla hujafungua faili hata moja, andika maana ya mafanikio. Watafiti wengine hukubali mabaki yasiyofika milimita 4, wengine hawataki hata chembe, kisha asilimia zao zinawekwa kwenye jedwali moja. Toa hesabu zote: bila chembe yoyote, hadi milimita 2, hadi milimita 4. Taja kipimo ulichotumia na ni wiki ngapi baada ya upasuaji. CT skani huona vipande ambavyo ultrasaundi hukosa, ila mionzi yake hatutaki kumrundikia mtoto. Kutumia ultrasaundi si kosa. Kosa ni kutosema.

Hatua ya 2. Amua unahesabu watoto au figo. Tuseme una watoto 20, na 5 kati yao wana mawe pande zote mbili: hizo ni figo 25. Zikisafika figo 20, ni asilimia 80. Lakini kama zile 5 zilizobaki ni za watoto 5 tofauti, waliopona kabisa ni 15 kati ya 20, yaani asilimia 75.

Hatua ya 3. Andika umri, uzito, kasoro za maumbile, na ukubwa, idadi na mahali pa mawe. Usisahau unene wa mrija uliopitishwa mgongoni hadi kwenye figo ili kutoa mawe, unaopimwa kwa Fr (French, kipimo cha unene wa mirija ya hospitali): Fr 24 ni milimita 8, na tundu hilo kwa mtoto wa kilo 10 ni jambo jingine kabisa kuliko kwa kijana wa miaka 16.

Hatua ya 4. Hesabu nusukaputi zote, yaani kila mara mtoto alipolazwa usingizi kwa dawa. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, nami inaniuma. Mtu mzima hutolewa stenti (kijirija kinachoachwa kati ya figo na kibofu ili mkojo upite) kwa ganzi ya jeli tu. Mtoto mara nyingi hulazwa tena usingizi. "Upasuaji mmoja" wa kwenye ripoti unaweza kuwa nusukaputi tatu kwa mtoto na mama yake.

Hatua ya 5. Panga madhara kwa ngazi za Clavien-Dindo za mwaka 2004, zinazopima uzito wa madhara ya upasuaji kwa tiba yaliyohitaji. Kuongezewa damu ni ngazi ya II. Kurekebisha tatizo chini ya nusukaputi ni IIIb, hata kama kwa mtu mzima kazi hiyohiyo ingefanyika kwa ganzi na kuwa IIIa. Eleza hilo, msomaji asidhani mikono yenu ni mizito.

Hatua ya 6. Taja idadi ya watoto ambao hawakurudi kliniki. Usiwahesabu kwenye waliopona.