Buti za uwindaji za mtumba: namna ya kuchagua za kuingilia Arabuko-Sokoke

Masika yakipungua tu, maswali ya buti huanza. Mtu ameona jozi ya Marekani kwenye mtumba, rangi ya majani makavu, muuzaji kamwambia ni "za jeshi", naye anataka kujua kama zitamfaa Arabuko-Sokoke, msitu wetu wa pwani karibu na Malindi. Aghalabu si za jeshi. Ni buti za kuwindia kulungu wa huko kwao wakati wa baridi. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na marufuku yenyewe ingalipo, kwa hivyo sisi tunazivaa kufuata ndege, sange (yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu) na ndovu kwa macho na kamera. Kazi ya kiatu haibadiliki: kikae mguuni kutwa bila kuumiza, na kisimtangaze aliyekivaa kabla hajafika.

Niseme mapema ninavyoona mimi. Huku pwani joto la buti ni la kukimbiwa, starehe ndiyo ya kulipia pesa, na harufu hutegemea unavyovitunza viatu kuliko bei uliyonunulia.

Hatua ya 1: Soma lebo kabla ya kuvaa

Tazama kwenye ulimi wa buti au ubavuni. Ukikuta 200, 400, 800 au 1000 pamoja na neno la gramu, huo si uzito wa kiatu. Ni uzito wa kitambaa cha kuzuia baridi kilichoshonwa ndani, kwa kila mita moja ya mraba. Mwindaji anayekaa kimya juu ya mti saa nyingi kwenye theluji huhitaji 800 au zaidi, kwa sababu hatembei na damu haimpashi miguu joto. Anayetembea kwenye baridi ya wastani hutosheka na 200 au 400. Malindi, hata Julai na Agosti, usiku kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 20. Chukua buti isiyo na namba yoyote. Muuzaji akikwambia gramu nyingi ndio ubora, mshukuru, songa mbele.

Zile zisizopitisha maji nazo zifikirie mara mbili. Maji yakishaingilia juu hayana pa kutokea, na kwa unyevu wetu huu buti ya namna hiyo hulala mbichi na kuamka mbichi. Ya ngozi na turubai hukauka upesi.

Hatua ya 2: Ikague soli

Hapa ndipo pesa za watu hupotea, kwa hivyo usiwe na haraka. Buti nyingi zina tabaka laini katikati, baina ya soli ya chini na ngozi ya juu. Likiwa la poliyurethani, huoza lenyewe kwa unyevu wa hewani hata kama buti haijavaliwa, na joto huharakisha uozo huo. Ndiyo maana unaweza kupata jozi inayong'aa kama mpya, ngozi haina mkwaruzo, nawe ukatembea nayo kutoka geti la msitu hadi njia panda ya kwanza soli ikabaki nyuma yako vipande vipande.

Jaribu hivi. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa dole gumba, pale karibu na kisigino. Lililo zima hubonyea na kurudi. Lililooza huacha alama, au hutoa unga, au hunata kidoleni kama halua. Kisha ikunje buti kwa mikono miwili pale vidole vinapokunjika, uangalie ubavuni kama mistari ya nyufa inafunguka. Ukiona ufa mmoja tu, irudishe. Fundi viatu atakushonea ngozi na kukubandikia soli, lakini tabaka lililogeuka unga halishiki gundi wala uzi.

Hatua ya 3: Pima alasiri

Mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, basi nenda sokoni alasiri, na soksi utakazovaa msituni. Namba za Marekani zisikuchanganye: 10 ya mwanamume wa huko ni kama 9 ya Uingereza, au 43 ya Ulaya. Funga kamba, simama, kisha shuka ngazi au kibaraza chochote. Vidole visiguse mbele, na kisigino kisipande na kushuka ndani. Kisigino kinachocheza ni malengelenge kabla ya saa nne asubuhi. Na ikibana, usikubali kuambiwa "itajiachia". Ngozi hujiachia kidogo ubavuni, urefu hauongezeki.

Hatua ya 4: Urefu na ukimya

Juu ya kifundo cha mguu inatosha. Ingiza suruali ndani ya soksi. Kupe na siafu huwazuii kwa buti peke yake. Chagua soli inayokunjika. Upande wa msitu wenye udongo mwekundu majani makavu ni mazito, na sange wa pale, yule mwenye kiuno cha manjano, husikia hatua nzito mapema sana. Utakachopata ni kishindo cha mkia wake ukipiga majani akitoroka.

Hatua ya 5: Harufu

Ndege hawatajali miguu yako. Ndovu na nyati watajali. Utafiti wa jeni uliotolewa 2014 ulimkuta ndovu wa Afrika na jeni za kunusa karibu 2,000, zaidi ya maradufu ya mbwa. Kwa hivyo hakuna buti itakayokuficha kabisa, usidanganywe na dawa za kunyunyizia. Unachoweza ni kupunguza.

Mpira haunywi harufu, ukiuosha huisha. Wawindaji wa kulungu huupendea hilo. Lakini gambuti kwenye joto letu hujaa jasho, na jasho la ndani ndilo bakteria hulila likanuka. Mimi huchagua ngozi na turubai, na soksi za sufu nyembamba au za nailoni badala ya pamba, maana pamba ikiloa hubaki imeloa. Beba jozi ya pili, ubadilishe katikati ya safari.

Tena usizivae njiani. Petroli ya bodaboda, mafuta ya kituoni, samaki wa sokoni, vyote hushika kwenye soli. Panda pikipiki na ndara, buti ziwe kwenye mfuko, uzivae ukifika. Na jamani, msiziweke chumba kinachofukizwa udi! Nyumba itanukia vizuri, na nyati atakunusa ungali mbali.

Mengine ni upepo. Rusha vumbi kidogo uone linaelekea wapi, uende ukiwa umeukabili, na umsikilize mwongozaji wako. Humo ndani ndovu wapo kweli.

Maswali ya wanachama

*Kaka, hongera kwa somo. Nina gambuti za shambani, Gede. Siwezi kuzitumia hizo hizo?*
Waweza, ndugu yangu, hasa masika njia zikituama maji. Kwa matembezi mafupi tu. Ukirudi zipindue, uzisimamishe juu ya vijiti viwili hewa ipite.

*Shikamoo mwalimu. Sisi kina mama tunaopeleka wageni mikokoni Mida, buti gani itatufaa?*
Marahaba dada. Buti isiwe hata moja. Matope ya mikoko hunyonya gambuti ikabaki humo, mguu ukatoka peke yake. Vaeni raba kuukuu za turubai zenye kamba, mzifunge imara. Maji yataingia na kutoka, na nyayo zitakingwa na makombe ya chaza. Harufu huko haina kazi, kaa hamuulizi mtu marashi.

*Naenda Mlima Kenya Januari. Ile ya gramu 800 niinunue sasa?*
Hapana. Utakuwa unapanda mchana kutwa, utatoka jasho, na jasho hilo hilo litakugandisha usiku. Gramu 200 inatosha, au hata bila, ila soksi nene za sufu za kulalia zibaki kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Kule juu usiku maji huganda.

*Zangu za ngozi zimeloa. Nizianike juani ama karibu na jiko?*
Kote usiende. Ngozi itapasuka na gundi itaachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, uyabadilishe yakiloa, uziache kivulini penye upepo. Zikikauka zipake mafuta ya ngozi yasiyo na manukato.

*Mafuta ya nazi je?*
Hulainisha, lakini yakikaa huchacha.