Kabla hujakubali kupasuliwa mguu

Wewe uliyeko Marekani na umeambiwa mguu unahitaji upasuaji, tenga nusu saa kwanza. Tafuta jina la daktari kwenye sajili ya NPI, yaani orodha ya kitaifa ya namba za utambulisho za watoa huduma za afya, unakili namba yake ya tarakimu 10, kisha uitafute kwenye data za Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee), kwenye tovuti ya data.cms.gov. Utaona huduma zake kwa misimbo: 28285, kwa mfano, ni kunyoosha kidole cha mguu kilichopinda, na pembeni kuna idadi ya wagonjwa. Huduma yenye wagonjwa chini ya 11 hufichwa, kwa hiyo usiseme hajui kazi kwa sababu tu hukuiona. Pitia pia Open Payments, tovuti ya serikali inayoonyesha malipo ya kampuni za dawa na vifaa tiba kwa madaktari, uone kama analipwa na kampuni za skrubu na vyuma vya mifupa. Ukikuta malipo makubwa, muulize ana kwa ana.