Namna ya kutambua katika PHP kama ombi limefika kwa HTTPS

Tuchukue tovuti ya shule ya Lubumbashi ambamo mzazi wa Katuba au Kamalondo huingiza namba ya mwanafunzi ili aone minerval (karo ya shule) iliyobaki. Kabla ya kumfungulia kikao na kumpa kuki yake, programu iliyo kwenye seva inapaswa kujua kama ombi lake limesimbwa tangu lilipotoka kwenye simu, yaani kama limekuja kwa HTTPS na si kwa HTTP ya kawaida isiyosimbwa. Pale ambapo Apache, programu ya seva ya wavuti, inapokea maombi yenyewe, bila kitu mbele yake, jibu limo katika $_SERVER['HTTPS']. Hata hivyo, usitosheke na kuangalia kama kigeu hicho kipo, kwa sababu IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, huandika "off" pale muunganisho usipokuwa salama, na kwa PHP neno hilo huhesabiwa kuwa kweli kama neno jingine lolote.

Wapo wanaoangalia namba ya mlango (port) wa kawaida wa HTTPS, yaani 443. Mimi siipendekezi njia hiyo: HTTPS inaweza kuwekwa kwenye mlango mwingine, na katika baadhi ya mipangilio ya Apache thamani ya SERVER_PORT hutokana na kile alichoandika mteja mwenyewe.

Ugumu halisi huanza pale inapokuwapo proksi, yaani seva ya kati inayosimama mbele ya seva yako. Proksi hupokea HTTPS kutoka kwa mzazi, hufungua usimbaji, kisha hupeleka ombi kwa PHP kwa HTTP ya kawaida. PHP ikijibu kwamba muunganisho si salama, haijadanganya, kwani kipande cha safari inachokiona hakikusimbwa. Lakini kama umeandika amri ya kuelekeza kila ombi la HTTP kwenda HTTPS, kivinjari kitazungushwa kati ya proksi na programu hadi kimwonyeshe mzazi onyo kwamba ukurasa umeelekezwa mara nyingi mno.

Ndiyo maana proksi huongeza kichwa (header, mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) kiitwacho X-Forwarded-Proto, kinachotaja njia aliyoitumia mteja. (Kiko pia kichwa rasmi, Forwarded, kilichowekwa na hati ya kanuni za intaneti, RFC 7239, mwaka 2014, ila cha zamani ndicho utakachokikuta mara nyingi zaidi.) Kasoro yake ni kwamba kichwa ni maandishi tu, na mtu yeyote anayeifikia seva yako moja kwa moja anaweza kukiandika apendavyo. Kwa hiyo kisomwe tu pale ombi linapotoka kwenye anwani ya proksi unayoijua:

function ni_salama(): bool {
    $https = strtolower($_SERVER['HTTPS'] ?? '');
    if ($https !== '' && $https !== 'off') {
        return true;
    }
    $proksi = ['10.0.0.5'];
    $njia = strtolower($_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_PROTO'] ?? '');
    return in_array($_SERVER['REMOTE_ADDR'] ?? '', $proksi, true)
        && $njia === 'https';
}

Anwani 10.0.0.5 ni ya mfano. Weka ya kwako. Angalia pia kama Apache yako inatumia mod_remoteip, kwa kuwa moduli hiyo hubadilisha REMOTE_ADDR (anwani ambayo PHP inaona ombi limetoka) iwe anwani ya mteja, na hapo ulinganisho huu hautafaulu kamwe.

Upande wa proksi nao una wajibu wake: ni lazima ifute kichwa kilicholetwa na mteja na kuandika cha kwake. Katika Nginx, programu itumikayo mara nyingi kama proksi, mstari huu unatosha:

proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;

Zikiwapo proksi mbili zinazofuatana, $scheme ya ile ya pili hueleza kipande kilicho kati yao tu, si safari ya mzazi. Katika hali hiyo, proksi ya pili ipitishe thamani iliyoandikwa na ya kwanza, baada ya kuhakikisha kwamba maombi hayawezi kuifikia kwa njia nyingine.

Jibu la ni_salama() likiwa hapana, kuelekeza upya kunafaa kwa kurasa za kusoma. Kwa fomu ya malipo hakutoshi, kwani namba ya siri imekwisha kupita wazi kabla seva haijajibu neno. Ni heri kulikataa ombi. Jibu likiwa ndiyo, weka alama ya Secure kwenye kuki, ili isitumwe ila kwa HTTPS, na utume kichwa cha Strict-Transport-Security, kinachokiagiza kivinjari kitumie HTTPS tu, ambacho vivinjari hukipuuza kikija kwa HTTP tupu.

Mwisho, jaribu kuidanganya programu yako. Ukiwa kwenye kompyuta ambayo si proksi, andika anwani halisi ya seva mahali pa ANWANI:

curl -i -H "X-Forwarded-Proto: https" http://ANWANI/

Seva ikikujibu kana kwamba umekuja kwa HTTPS, rudi kwenye orodha ya $proksi, kisha uweke ukuta wa moto unaoruhusu proksi peke yake kuufikia mlango 80.