Jinsi ya kwenda na mwanao kwenye mkutano wa jiokashingi hapa Mwanza

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata hujafungasha maji: siku hiyo simu anashika mtoto. Wewe mzazi kazi yako ni kubeba begi, kulipa nauli na kuangalia barabara. Nalisema mapema kwa sababu ndo penye tatizo, wazazi wengi tukifika pale tunakamata simu sisi, tunapiga stori sisi, tunatafuta sisi, dogo anabaki amekaa kwenye jiwe anauliza tunarudi saa ngapi, na siku nyingine ukimwambia twende hataki hata kusikia.

Kwa ambaye hajawahi, jiokashingi ni mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa kwa kutumia GPS, yaani setilaiti zinazoiambia simu yako uko wapi. Ulianza Marekani tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya kule kuacha kuivuruga makusudi ile ishara ya GPS inayotumiwa na raia, maana kabla ya hapo kifaa kingeweza kukupeleka hadi mita 100 pembeni. Jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo jimbo la Oregon, akatangaza koodinati, yaani namba za mahali ilipo, watu wakaifuata. Ndani ya kopo kuna kijitabu, unaandika jina lako la mchezo, unalirudisha pale pale ulipolikuta. Mkutano ni tofauti kidogo: kinachokusubiri kwenye koodinati ni watu. Mtu anatangaza sehemu, tarehe na saa, wachezaji wanakuja wanajuana, wanabadilishana ujanja, basi. Kwa sheria ya mchezo lazima uchukue angalau dakika 30 na kiingilio hakuna, mkikutana mgahawani kila mtu anajilipia chake.

Mwandaaji anatakiwa apeleke tangazo likaguliwe wiki 2 kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo muda wa kumwandaa mtoto upo. Mwandae nyumbani. Chukua kopo tupu la Blueband, tia karatasi na penseli, lifiche nje karibu na mwembe au nyuma ya tanki la maji, mpe koodinati atafute. Muonyeshe namba zinavyokaa, hapa kwetu zinaanza na S 02 halafu E 032, kwamba tuko kusini kidogo tu ya ikweta, halafu zile tarakimu tatu za mwisho baada ya nukta ndo zenye mchezo wote, ukibadilisha ile ya mwisho kabisa kwa moja umesogea karibu mita 2. Mwache atembee uwanjani akiangalia namba inavyobadilika. Mwanangu alielewa hapo hapo kitu ambacho kwenye ramani ya daftari la jiografia alikuwa anakariri tu.

Kwenye programu ya simu ya huu mchezo tumieni akaunti yako mzazi au moja ya familia, jina la kuchezea achague yeye ila lisiwe jina lake halisi wala la shule. Pakua ramani ukiwa bado nyumbani, usitegemee bando njiani. Powabenki beba, jua likiwa kali unaongeza mwanga wa skrini na chaji inaisha chap.

Begi liwe hivi: maji, kofia, viatu vya kufunga (kandambili hapana, mawe ya Mwanza hayana huruma), kalamu mbili, plasta, na vitu vidogo vya kubadilishana. Hivi vya kubadilishana achague mtoto. Kwenye makopo makubwa kidogo kanuni ni ukichukua kitu unaacha cha thamani ileile au zaidi, goroli, shanga, kifungo kizuri, kigari. Chakula usiweke kamwe, pipi moja tu inaita sisimizi na panya na kopo lote limeharibika.

Muda: kama mkutano ni asubuhi, vizuri sana, kama ni jioni muwe na uhakika wa usafiri wa kurudi kabla giza halijaingia, saa 1 jioni hapa kunakuwa kunaingia giza. Mchana wa saa 7 mpaka 9 mimi simshauri mtu apeleke mtoto kwenye mawe, yanawaka. Machi hadi Mei, na kuanzia Oktoba, angalia mawingu ya ziwani maana mvua inakuja ghafla na jiwe likilowa linateleza kama sabuni.

Mkifika, salamu kwanza. Hapa usione aibu kumkumbusha mtoto, ashike adabu, shikamoo kwa wakubwa wote hata kama ni wageni, na kama kuna wazee wa Kisukuma na ni asubuhi mwambie awape "mwangaluka" aone watakavyofurahi. Halafu mwache ajitambulishe mwenyewe kwa jina la mchezo na aseme ameshatafuta makopo wapi. Wengine wanaweza kuwa watalii au wanafunzi, Kiswahili chao cha kuokoteza, mtoto atajikuta yeye ndo anawafundisha, usimwingilie. Mkutano wa huku unaweza ukawa na watu wanne, usivunjike moyo, kwa mtoto wanne ni bora kuliko mia, anasikilizwa. Na kama mko sehemu ya samaki, agiza mkifika tu, sato wa kuchoma anachukua zaidi ya dakika kumi, na mtoto mwenye njaa hana mchezo.

Mezani utakuta vibati vidogo vya chuma vimechongwa namba, mara nyingi vimefungwa kwenye kinyago au kimdoli. Hivi ni vya kusafiri. Mtu ameviachia huko Ujerumani au wapi, vinatembea kopo hadi kopo mkono hadi mkono, na kila hatua inaandikwa mtandaoni. Muelezee mtoto kabla hajashika: ruksa kuangalia, ruksa kunakili namba ili uandike kwamba umekiona, ila ukiondoka nacho umebeba kazi ya kukisogeza mbele, sio cha kuweka kabatini. Soma naye kile kibati kinataka kwenda wapi, kingine mwenyewe anataka kifike baharini, kingine kipigwe picha kwenye kila ziwa, na sisi ziwa tunalo. Picha pigeni ila ile namba isionekane, mtu akiiona mtandaoni anaweza kuandika amekiona wakati hajawahi.

Baada ya hapo mara nyingi watu wanatoka kutafuta kidogo. Hapa sasa mawe. Kati ya mawe makubwa ishara ya setilaiti inagonga na kurudi, utaona simu inasema mita 4, ukipiga hatua moja inasema 19, mshale unazunguka tu. Mtoto anaanza kukasirika. Mfundishe hivi: ikifika kama mita 10, simu mfukoni, tumia macho. Jiwe lililopangwa na mtu halikai kama lililoanguka lenyewe, vijiwe vitatu vimejipanga kuziba tundu, majani makavu mahali ambapo hakuna mti, kamba nyeusi inachungulia. Kabla ya kuingiza mkono kwenye tundu unapiga na fimbo kwanza, nyoka wapo, na hili halina mjadala. Akitoka yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu asiogope, ndo mwenyeji wa mawe yetu, wanasayansi wamempa hadi jina la mji, Agama mwanzae. Pimbi nao watawaangalia kwa mbali.

Nyumba za milimani zimejengwa katikati ya mawe, kwa hiyo unaweza kujikuta uko uani kwa mtu bila kujua. Piga hodi, jieleze, ukiambiwa hapana mnageuka. Karibu na vivuko, uwanja wa ndege, kambi au daraja la Kigongo-Busisi msizungukezunguke na simu mkichungulia chini ya vitu, mlinzi akiuliza mwambie ukweli na umuonyeshe programu. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kwenda kutembea ni raha sana na mtoto ila kiingilio chake mnalipa, kuficha kopo bila ruhusa ya hifadhi hapana, na kwenye boti laifujaketi inavaliwa kabla ya kuondoka, sio kukaliwa.

Ziwa lenyewe: msimruhusu kukanyaga maji ya pembeni hata kama wenzake wanaingia, hasa penye magugu, kichocho kipo. Akiingia kwa bahati mbaya mkaushe vizuri, na baada ya wiki kadhaa mpeleke akapime, tembe zake zipo na zinatibu.

Kuna mikutano mingine ya kuokota taka, wachezaji duniani wanafanya hii tangu 2002, na mimi kwa mtoto naipenda kuliko zote. Ufukwe wetu unaujua, chupa, nyavu zilizokatika, kandambili moja moja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 kwa hiyo beba viroba vya unga vilivyotumika, na glavu za saizi ya mtoto ununue mapema, zile za watu wazima zinamvuka. Vioo na sindano anaokota mtu mzima peke yake.

Mtoto akisema amechoka, ondokeni, hata kama wewe stori ndo zimekolea. Waage watu mmoja mmoja.

Jioni hiyohiyo kaeni muandike kwenye programu kwamba mmehudhuria. Aseme yeye, wewe uchape, maneno yake usiyanyooshe sana, mwandaaji anafurahi kusoma kwamba kuna mtu aliona pimbi wawili na akala mkia wa samaki. Picha yenye sura za watoto wa wenzio usiweke mpaka umewauliza. Na kama dogo amerudi na kibati cha msafiri, andika usiku huohuo kwamba kiko kwenu, maana mwenye nacho huko aliko anakifuatilia.