Aibu ya Mwili Chumbani: Mwanamume Aanzie Wapi

Ukipita Kariakoo au Manzese, jijini Dar es Salaam, utakuta kwenye nguzo za umeme vibandiko vyenye namba za simu vinavyoahidi kurudisha nguvu za kiume na kurefusha maumbile, kana kwamba mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Anayeyachanganya humaliza fedha zake kutibu tatizo asilokuwa nalo.

Kwanza jichunguze alfajiri. Ikiwa uume husimama vizuri unapoamka lakini hulegea ukiwa na mwenzako, huenda mishipa yako ni mizima na kinachokusumbua ni wasiwasi. Ikiwa hausimami vyema wakati wowote kwa wiki nyingi, nenda hospitali, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, upimwe sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo na huweza kutoa dalili za ugonjwa wa mishipa mapema.

Tuseme ni wasiwasi. Mwanamume mwenye kitambi, au anayeogopa kuitwa kibamia, yaani mwenye uume mdogo, akishavua shati huacha kumtazama mkewe na kuanza kujikagua mwenyewe: tumbo limeonekana, uume umelegea kidogo, atanifikiriaje? Mwili huichukulia hofu hiyo kuwa hatari, hutoa adrenalini, homoni ya hofu, mishipa hubana, na damu iliyotakiwa kujaa uumeni haijai. Kesho yake huingia kitandani na hofu mbili.

Kuhusu ukubwa, uchambuzi wa vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 uliochapishwa mwaka 2015 ulipata wastani wa takriban sentimita 13 uume ukiwa umesimama. Kumbuka pia kwamba unapojitazama kutoka juu uume huonekana mfupi kuliko ulivyo, na mafuta ya kinenani hufukia sehemu yake. Kupunguza uzito huifukua, jambo ambalo hakuna mafuta ya kupaka yanayoliweza.

Vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume, achana nalo, maana hujui kilichosagwa humo. Vidonge vya kusimamisha uume navyo visinunuliwe kimyakimya, hasa na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, zile za maumivu ya kifua, kwani vikikutana huweza kushusha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua.

Kisha sema, na useme mchana, nguo zikiwa mwilini: "Mke wangu, nikizima taa mapema si kwamba sikutaki; naona aibu na tumbo hili." Wengi hushangaa kusikia kwamba mke alidhani kasoro ni yake.

Baada ya hapo fuateni njia ambayo Masters na Johnson, watafiti wa tendo la ndoa wa Marekani, waliieleza mwaka 1970: kwa siku kadhaa mnapapasana mgongo, mabega na mikono, bila kugusa sehemu za siri na bila kujamiiana, kila mmoja akizingatia joto na ulaini anaouhisi. Uume ukisimama katika siku hizo, na mara nyingi husimama kwa sababu hakuna anayeusubiri, msivunje makubaliano. Uacheni ulale, kisha endeleeni kupapasana.